Shahada ni Ushahidi: Mtihani wa Kweli ni Upi?

Katika lugha yetu neno shahada lina kazi mbili. Karatasi anayopewa kijana amalizapo masomo yake twaiita shahada. Na maneno ayasemayo mtu mbele ya kadhi juu ya jambo aliloliona, nayo asili yake ni neno hilo hilo. Wala maana hizi mbili haziko mbali. Karatasi ile ni shahidi. Yawaambia watu wasiomjua kijana wala hawajapata kumwona: huyu aweza kazi fulani. Mwajiri humwamini shahidi huyu. Chuo kikuu humwamini. Hata mgonjwa aliyelala hospitali humwamini, ingawa hajaiona karatasi ya yule anayemdunga sindano. Basi ni haki yetu kumwuliza shahidi huyu suali ambalo kila shahidi huulizwa: Je, hayo unayoyashuhudia uliyaona kwa macho yako, au umeyakisia?

Suali hili limetushughulisha katika darsa yetu hapa Bomeni, na sababu yake haifichiki. Mwezi wa Januari 2026 watoto wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, mwanzo wa Sekondari Pevu. Watoto hawa hawakupimwa kama tulivyopimwa sisi. Walipofanya mtihani wa kumaliza Gredi ya 6 mwaka 2022, kanuni ilikuwa kwamba katika kila alama 100, alama 40 zitoke katika mtihani wa mwisho, na 60 zitoke katika kazi za darasani tangu Gredi ya 4, zikipimwa na walimu wao wenyewe. Walipofika Gredi ya 9 mwaka 2025, mtihani wa mwisho ulichukua alama 60, ule wa Gredi ya 6 ukachukua 20, na kazi za Gredi ya 7 na ya 8 zikachukua 20 zilizobaki. Maana ya hesabu hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mwalimu wa Taveta, ambaye zamani alisomesha kisha akangoja hukumu itoke Nairobi, leo naye ameitwa mbele kuwa shahidi. Na mbele ya mtoto iko miaka 3 ya Sekondari Pevu ambamo ataambiwa afanye kazi, aionyeshe, aieleze, na apimwe kwa hiyo. Kwa hivyo yatupasa tujue: mtihani wa kutenda ulio wa kweli ni upi, na ulio wa jina tu ni upi?

Kwanza tuutendee haki mtihani wa karatasi, kwani si desturi ya watu waadilifu kumtaja mtu kwa ila zake wakaziacha sifa zake. Msahihishaji wa mtihani ule hamjui mtahiniwa. Hajui kwamba huyu ni mwana wa tajiri, na yule ni mwana wa mchukuzi wa mikungu sokoni. Vijana wengi wa watu wanyonge, wa pwani na wa bara, waliipanda ngazi hiyo wakafika mahali ambapo mlango usingefunguliwa kwa jina la baba zao. Mwenye kuubeza mtihani wa karatasi bila ya kulikumbuka hili hakufanya insafu.

Lakini shahidi huyu, pamoja na uadilifu wake, huona upande mmoja tu wa mtu. Kijana aweza kuzitaja sehemu zote za barua nzuri, ilhali hajapata kuandika hata barua moja iliyomfikia mtu ikaleta jawabu. Aweza kuzipanga hatua za kuyapima maji ya mfereji, na akipelekwa mferejini asijue aanzie wapi. Karatasi itasema ajua, na haitakuwa imesema uwongo. Itakuwa imeshuhudia jambo dogo, na watu wakalipokea kuwa ni jambo kubwa.

Nchi yetu imeshaonja madhara ya jambo hili. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985 kufuatia ripoti ya tume ya Colin Mackay ya mwaka 1981, uliahidi elimu ya mikono: useremala, uashi, upishi, ushoni na ukulima. Nia ilikuwa njema. Wazazi walichanga fedha ili vijengwe vyumba vya kazi. Lakini mwisho wa darasa la 8 mtoto alikaa mbele ya karatasi akachagua herufi moja katika herufi nne, na ukiondoa insha, hiyo ndiyo iliyokuwa hukumu yake. Skuli ziliangalia nini kinachopimwa, zikasomesha hicho. Mtoto akajifunza kuitambua randa katika picha, na hakupata kuishika mkononi. Mtihani ni usukani wa elimu. Nahodha anaweza kusema aendako maneno mengi yaliyo mazuri. Jahazi hufuata usukani.

Na uzito wote ukiwekwa juu ya siku moja na karatasi moja, watu huitafuta karatasi hiyo kwa kila njia. Matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 wa KCSE ya mwaka 2015 yalifutwa kwa sababu ya udanganyifu, na mwezi wa Machi 2016 bodi ya Baraza la Mitihani ikavunjwa. Hatusemi haya kwa kuwafedhehi watu. Twasema ili ionekane kwamba majibu ya karatasi ni mali inayoweza kuibwa, na inayoweza kuuzwa.

Sasa, je, njia ya kumpima mtu kwa kutenda ni bidaa mpya iliyoletwa kutoka ng'ambo? Sisi Waislamu wa pwani hatuna haja ya kuistaajabia. Katika Suratun Nisaa, aya ya 6, walezi wameamrishwa wawajaribu mayatima kabla ya kuwakabidhi mali zao, na wawakabidhi wanapoona kwao akili iliyoongoka. Wanavyuoni wakauliza: watajaribiwaje? Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ametoa jawabu katika Minhaj, kitabu ambacho vizazi vya wanafunzi wa pwani yetu ya Kishafii wamekisoma. Hasemi kwamba yatima aulizwe masharti ya biashara ayaseme kwa moyo. Aeleza kwamba mtoto wa mfanyabiashara hujaribiwa kwa kununua na kuuza na kubishana bei. Mtoto wa mkulima kwa ukulima na kwa kuwalipa wanaofanya kazi shambani. Mtoto wa fundi kwa ufundi wa watu wake. Na mwanamke, kwa desturi ya zama zile, kwa mambo ya kusokota na kukilinda chakula nyumbani. Kisha aweka sharti kwamba jaribio lirudiwe mara mbili au zaidi. Na kwa kauli anayoitanguliza, jaribio hili huwa kabla ya kubaleghe: mtoto atabishana bei mwenyewe, lakini wakati wa kufunga mkataba ukifika, mlezi ndiye atakayeufunga.

Tutazame maneno hayo machache yana mafunzo mangapi. La kwanza, mtu hupimwa kwa shughuli anayoikabili katika maisha yake. Binti wa Bomeni ambaye leo aelekea kwenye uuguzi au uhandisi atapimwa kwa uuguzi na kwa uhandisi. Shughuli zimebadilika, na msingi umebaki ule ule. La pili, mara moja haitoshi, kwani mara moja yaweza kuwa bahati, au yaweza kuwa ajali. La tatu, jaribio hufanywa mahali ambapo kosa la mwanafunzi halitaangamiza kitu: ndiyo maana mkataba haukuachwa mikononi mwake. La nne, kinachotafutwa ni busara ya kuamua, wala si wingi wa maneno. Na yule ambaye busara yake haijaonekana hatupwi wala hatukanwi. Hubaki chini ya mlezi wake, na mali yake ikahifadhiwa, mpaka ionekane.

Njia hii haikubaki vitabuni. Neno letu kuhitimu asili yake ni mtoto kuikhitimu Kurani mbele ya mwalimu wa chuo, ambaye alimsikiliza herufi kwa herufi, na hapana aliyeweza kumsomea mwenzake. Mafundi wa majahazi walimjua mwanafunzi wao kwa ubao alioutia mahali pake, na bahari ikatoa hukumu. Na ile taasisi ya elimu ya Waislamu iliyokuwa Mombasa, iliyojulikana kwa jina la MIOME, ambayo ilianza kusomesha katika miaka ya mwanzo ya 1950 na leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ilisimama juu ya ufundi wa mikono. Fundi wa umeme hapati nafasi ya kupamba maneno: taa itawaka, au haitawaka.

Katika nchi za Magharibi nako watu wamelirudia jambo hili baada ya kuchoshwa na karatasi za kuchagua herufi. Huko New York, katika mtaa wa Harlem, bibi mmoja mwalimu, Deborah Meier, alianzisha skuli ya sekondari mwaka 1985, Central Park East, ambamo kijana hakumaliza masomo mpaka akusanye kazi zake, azilete mbele ya jopo la watu, na ajibu masuali yao. Mwaka 1989 Mmarekani mwingine, Grant Wiggins, aliandika kwamba mtihani wa kweli ni ule unaofanana na kazi ambayo watu wa elimu ile huifanya katika maisha yao. Lakini lilipotokea jimbo la Vermont likataka kuwapima watoto wake wote kwa mikusanyo ya kazi zao, watafiti wa taasisi ya RAND waliziangalia alama za mwaka 1992 wakaona ila kubwa: walimu wawili walipoipima kazi moja, mara nyingi hawakukubaliana. Mtoto akapata alama kwa kufuatana na msomaji wake.

Jirani zetu wa ng'ambo ya Holili nao walijaribu. Mwalimu Nyerere aliukosoa utawala wa mitihani katika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka kijana afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, na watu waliomwona kazini watoe neno juu yake. Hapa pana siri ambayo kila mwenye kutunga mtihani wa kutenda hana budi kuijua. Shahidi aliye karibu huona zaidi kuliko aliye mbali. Na huyo huyo aliye karibu ndiye anayeona haya zaidi, na ndiye anayependelea zaidi. Faida ya njia hii na hatari yake zatoka mahali pamoja.

Basi kazi ya kweli hutungwaje? Tuchukue mfano wa mlangoni petu. Soko la Taveta hukusanya watu siku ya Jumatano na Jumamosi, na ndizi za mashamba yetu hupakiwa malori zikaenda mpaka Mombasa. Mwalimu wa hesabu au wa biashara aweza kuwaambia wanafunzi wake: Mkulima mmoja ana mikungu 20 ya ndizi. Je, aiuze hapa siku ya soko, au aipeleke Mombasa? Mpeni shauri, kisha mje mlitetee mbele yake.

Suali hili ni fupi, lakini tazama linavyomfanyia kazi mwanafunzi. Jawabu haliko mwisho wa kitabu. Itampasa aende sokoni aulize bei siku mbili mbalimbali, aandike aliyemwuliza, ajue nauli ya lori, ushuru, na ndizi ngapi hupondeka njiani. Atakutana na mnunuzi anayelipa kwa shilingi ya Tanzania, na itambidi aigeuze hesabu. Ataona kwamba bei ya asubuhi si bei ya jioni, na kwamba mwenye deni hawezi kungoja Jumamosi. Mwishowe ataandika ukurasa mmoja, kisha atasimama mbele ya watu watatu: mwalimu wake, mwalimu mwingine asiyemfundisha, na mchuuzi anayelijua soko. Mchuuzi atamwuliza: na lori likiharibika njiani siku mbili? Hapo ndipo atakapojulikana aliyefikiri na aliyenakili.

Yaliyoifanya kazi hii kuwa ya kweli ni mambo matano, na yafaa mwalimu yeyote ayashike. Kwanza, jambo lenyewe lipo duniani na kuna mtu anayelihitaji jawabu lake. Pili, lamtaka mwanafunzi achague na atoe sababu, wala halimtaki akumbuke tu. Tatu, kipimo chatangazwa kabla ya kazi kuanza, kwa maneno mepesi: bei umezikusanya mwenyewe na waweza kusema ulizipata kwa nani, hesabu zako ni sahihi, shauri lako latoka katika hesabu hizo, na umesema wazi lile usiloweza kulijua. Nne, kazi yafanywa mbele ya macho, na mwenye kuifanya huulizwa kwa mdomo. Katika zama hizi ambapo programu za kompyuta huandika insha nzima kwa dakika moja, sharti hili haliwezi kuachwa. Tano, kazi yarudiwa kwa sura nyingine: muhula huu ndizi, muhula ujao vitunguu, ili bahati isije ikachukuliwa kuwa ni ujuzi.

Mifano mingine haiko mbali. Mto Lumi hufurika. Wanafunzi wa jiografia wachore ramani ya mtaa wao, waonyeshe maji yanatuama wapi na mtaro ungefaa kupita wapi, waipeleke kwa wazee wa mtaa. Tarehe 12 Februari 1916 palipiganwa vita katika kilima cha Salaita, na makaburi ya askari yako Taveta hadi leo. Mwanafunzi wa historia alinganishe jiwe la kaburi lasema nini, kitabu chasema nini, na wazee walisikia nini kwa baba zao, kisha aeleze kwa nini habari zatofautiana. Na katika somo la dini, badala ya kuyakariri mafungu ya mirathi, apewe nyumba moja: mtu amefariki, ameacha mjane, mabinti wawili na ndugu wa baba mmoja mama mmoja, wala hakuacha mwana wa kiume wala wazazi. Mjane apata thumuni, mabinti thuluthi mbili, na ndugu kilichobaki. Yaani katika mafungu 24, ni 3, 16 na 5. Hesabu hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumweleza mjane asiyejua kusoma, kwa upole na kwa maneno anayoyafahamu, mpaka aridhike kwamba hakudhulumiwa.

Lakini si kila kazi ya mikono ni mtihani wa kweli. Mtoto akiambiwa alete mlima wa volkeno uliotengenezwa kwa makaratasi na kupakwa rangi, akauleta ukiwa unang'aa, tumejua nini juu ya mtoto? Huenda tumejua kwamba mjomba wake ana mikono mizuri. Akiambiwa alete picha zilizochapishwa, tumeujua ujuzi wa mwenye duka la kompyuta. Hapa ndipo penye donda, na hatuna budi kuligusa.

Ndugu zetu wazazi, sote twajua mambo yanavyokwenda. Kazi huja nyumbani jioni. Mama hukesha akikata na kubandika, baba hutoa fedha za kuchapisha, na mtoto amelala. Asubuhi kazi huenda skuli ikiwa na jina la mtoto. Nia ni mapenzi, wala hatuna shaka. Lakini tuangalie kilichotendeka. Mzazi ameandika jina lisilo lake juu ya kazi yake. Mtoto ameikabidhi akiwa ajua. Mwalimu ameipokea, na mara nyingi naye ajua, akatia alama. Watu watatu wamekutana juu ya ushahidi mmoja wa uwongo, na mwenye umri mdogo kabisa katika hao ndiye aliyefundishwa kwamba hivi ndivyo dunia iendavyo.

Huenda mtu akasema: Je, mzazi asimsaidie mwanawe? Jawabu yetu ni kwamba msaada una mpaka, na mpaka wake tumekwisha kuutaja. Mlezi wa yatima huufunga mkataba ili mali isipotee. Lakini kubishana bei amemwachia yatima. Lau mlezi angebishana bei kwa niaba yake, angekuwa amejijaribu nafsi yake. Basi mzazi amshikie mtoto taa, ampeleke sokoni, amsikilize akijizoeza kueleza, amwulize masuali. Kazi yenyewe aiache mikononi mwa mwenyewe, hata kama itatoka imepinda.

Na mwalimu naye ana sehemu yake katika kosa hili. Anayedai makaratasi ya rangi, picha na uchapishaji apima mfuko wa baba, wala hapimi akili ya mtoto. Mtoto wa kibarua wa mkonge na mtoto wa mwenye duka wakipimwa kwa kitu kinachonunuliwa, mizani imepinda kabla ya kuwekwa kitu juu yake. Tumeonywa katika Kurani juu ya wanaopunja vipimo, na tumezoea kuyafahamu maonyo hayo kuwa ni ya wauza sukari na wauza mchele tu. Mwenye kutia alama naye ashika mizani. Kwa hivyo twaona kanuni iwe hii: kazi ambayo vifaa vyake havipatikani kwa mwendo wa miguu na bila ya fedha, isiwe ya kutiwa alama, na kazi ya kutiwa alama ifanywe skuli, katika saa za skuli.

Sasa twafika kwenye suali lililo gumu kuliko yote, ambalo katika darsa yetu lilitugawa. Tuseme yuko mwalimu mwaminifu. Ameiona kazi ya mwanafunzi wake, na haikufikia kiwango. Lakini ajua kwamba katika skuli nyingine alama hujazwa tu bila ya kuonwa kitu, na zote hupanda. Akiandika kweli, mwanafunzi wake, ambaye labda ni yatima, labda ni wa kwanza katika ukoo wao kufika hapo, atakosa nafasi, na ataipata mtoto wa mwalimu mwongo. Je, huyu mwaminifu hamdhulumu mwanafunzi wake kwa uaminifu wake? Baadhi yetu walisema: amwongeze kidogo, kwani kuondoa dhulma ni wajibu. Hoja hii haikuwa ya watu wajinga, wala hatuidharau.

Lakini wengi wetu hatukuikubali, kwa sababu mbili. Ya kwanza, nafasi anayoichukua mwanafunzi kwa alama isiyo yake haitoki hewani. Yatoka kwa mtoto mwingine, wa Mwatate au wa Kwale au wa Garissa, ambaye hatumwoni wala hatamjua aliyemdhulumu. Mwalimu amwona aliye mbele yake akamhurumia. Asiyemwona hana wa kumsemea. Na aya ya 135 ya Suratun Nisaa imetuamrisha tusimame juu ya uadilifu katika ushahidi hata ukiwa dhidi ya nafsi zetu, au wazazi na jamaa zetu, awe mtu tajiri au maskini. Umaskini wenyewe umetajwa hapo, ili tusije tukaufanya udhuru. Ya pili, kijana aliyeshuhudiwa kwamba aweza asiloliweza hupelekwa mahali ambapo litamtaka alifanye. Huko hatapata mwalimu wa kumwongeza.

Je, hapana huruma basi? Huruma ipo, na ina mahali pake. Mahali pake ni katika nafasi, wala si katika kipimo. Imam Nawawi ametaka jaribio lirudiwe. Basi mwalimu mwenye huruma ampe mwanafunzi mara ya pili, na ya tatu, amweleze palipopinda, amwachie mwezi, amwite saa ya mapumziko. Ampe mtoto wa Kitaveta au wa Kisomali nafasi ya kujieleza kwanza kwa ulimi anaouweza, ikiwa kinachopimwa ni hesabu na si lugha. Hayo yote ni huruma, na hayamdhulumu mtu. Kuiongeza alama ni jambo jepesi la dakika moja. Kumrudia mtoto ni jambo zito la majuma. Huenda ndiyo sababu wengi tumeipenda ile ya kwanza tukaiita huruma.

Hata hivyo si uadilifu kumtwika mwalimu mmoja mzigo huu wote, kisha sisi tukakaa barazani tukamhukumu. Mwenye darasa la wanafunzi 50 hawezi kuziona kazi kumi za kila mmoja, atajaza tu. Basi afadhali kazi mbili kwa muhula zilizoonwa barabara kuliko kumi zilizoandikwa. Na katika mambo ya deni tumeamrishwa mashahidi wawili, kwa kuwa mmoja aweza kusahau. Kwa nini alama ya mtoto iwe na shahidi mmoja? Skuli mbili jirani zaweza kubadilishana kazi chache kila muhula, mwalimu wa huku akaipima kazi ya kule bila ya kujua alama iliyokwisha tiwa. Wakitofautiana sana, wakae wazungumze mpaka wajue kiwango ni kipi. Jambo hili halina gharama kubwa. Na Baraza la Mitihani, linalotuma kazi na kupokea alama kwa njia ya mtandao, lina wajibu wa kuzikagua baadhi ya kazi zenyewe, ili mkweli asiwe ndiye mwenye hasara.

Ama sisi watu wa mtaa, tuna la kufanya leo. Wafanyabiashara wa sokoni, mafundi, wauguzi na wakulima wa mifereji ya Njoro wajitolee nusu siku kwa muhula kuwasikiliza wanafunzi wanaoeleza kazi zao. Wao ndio wanaojua ni lini jawabu ni la kweli. Wazazi wa kike na wa kiume waache kumwuliza mwalimu, "Kwa nini mwanangu amepata kidogo?" kabla ya kumwuliza, "Ulimwona akifanya nini?" Na vyuo vyetu na madrasa vianze kwa nafsi zao. Mtoto anayezitaja nguzo za udhu zote afanyishwe udhu mbele ya mwalimu. Na aliyekariri hukumu za zaka apewe hesabu ya duka moja aitoe. Hatutaweza kuzitaka skuli za serikali zishuhudie kwa haki, ikiwa sisi wenyewe twatoa vyeti vya madrasa kwa kila aliyehudhuria.

Kijana wa Gredi ya 10 ana umri wa miaka 15 au 16. Miaka michache ijayo atashika sindano, au usukani wa gari, au fedha za watu, au kalamu ya hukumu. Wale watakaokuwa chini ya mikono yake watakuwa wameuamini ushahidi wetu. Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wanaoshuhudia waliyoyaona, na atuwafikishe kuwalea watoto ambao kazi zao zitakuwa zao kweli. Wabillahi taufiki.